Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kukagua Mishipa ya Damu ya Shingo Miaka Kadhaa Baada ya Tiba ya Mionzi

Mtu aliyetibiwa kwa mionzi saratani ya koo, ya ulimi, ya nyuma ya pua au limfoma (saratani ya matezi ya limfu) ya shingo hurudi kwake Kakamega, Ahero au Njoro akiwa ameambiwa kwamba uvimbe umekwisha, na baada ya miaka michache kliniki ya saratani humwona kwa nadra au isimwone kabisa. Katika kipindi hicho cha utulivu, kuta za ateri mbili kubwa zinazopandisha damu kwenye ubongo, moja kila upande wa koo, huenda zikawa zinaanza kunenepa na kufinyika, kwa sababu zilikuwa ndani ya eneo lililopigwa mionzi. Ateri hizo huitwa karotidi. Zikiziba, au zikirusha kichwani kipande cha gamba, yaani mafuta na chokaa vilivyoshikamana na ukuta wake, matokeo yake ni kiharusi.

Wasomaji wengi wa Kisumu, Nakuru na Eldoret waliojaribu kukaguliwa ateri hizi wamekwama mahali palepale: wamekwenda kupigwa "picha ya shingo", wakarudi na ripoti ya tezi ya thairoidi. Ripoti hiyo ni sahihi na imekwisha kulipiwa, lakini haisemi neno lolote kuhusu ateri. Wengine wamefanyiwa kipimo kinachofaa, ila ripoti imeandikwa kwa sentensi moja tu, bila tarakimu yoyote ambayo daktari angeweza kuitumia. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili makosa hayo mawili yasijirudie.

Ikiwa wakati huu unaposoma uso wako umepinda upande mmoja, mkono au mguu umelegea ghafla, maneno hayatoki, au jicho moja limeingia giza, ruka hatua zote na uende moja kwa moja kwenye Hatua ya 8. Na ikiwa hukupigwa mionzi ya nje ya shingo bali ulimeza iodini ya mionzi kwa ajili ya tezi, mwongozo huu haukulengi wewe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Muhtasari wa tiba yako ya mionzi, au chochote kinachoweza kuuziba pengo lake (Hatua ya 1 inaeleza).
- Ripoti ya kipande cha nyama kilichopimwa wakati saratani ilipogunduliwa, na barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini.
- Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Zile za kufunga kifundo cha mkono huyumba sana.
- Daftari moja la shule, litakalokuwa la kazi hii peke yake.
- Orodha ya dawa zote unazomeza, pamoja na za miti shamba.
- Kitambulisho na usajili wako wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Uliza mapema, kabla ya siku ya kipimo, ni sehemu gani utalipa mwenyewe.
- Picha na ripoti zozote za zamani za shingo, hata kama zilipigwa kwa sababu nyingine.

Hatua ya 1: Pata rekodi ya mionzi uliyopewa

Hii ndiyo hatua inayochosha kuliko zote, na ndiyo watu wengi huiruka. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye tiba ya mionzi, kwa hiyo mgonjwa wa Bungoma au Homa Bay aliyetibiwa zamani huenda faili lake bado liko Nairobi, ilhali aliyetibiwa hivi karibuni huenda faili lake liko Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, au Nakuru. Wapo pia waliotibiwa India na kurudi na bahasha moja tu.

Nenda, au umtume mtu mwenye barua yako iliyotiwa sahihi, kwenye idara ya kumbukumbu za matibabu ya hospitali iliyokutibu. Omba muhtasari wa tiba ya mionzi, wala usiombe "faili" kwa jumla, kwa sababu faili zima ni nene na karani hana muda wa kukutafutia ukurasa unaoutaka. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako binafsi zinazohifadhiwa na taasisi, na si lazima uitaje kwa ukali. Kuiandika kwa adabu katika barua ya maombi kunatosha.

Muhtasari unaofaa unaonyesha mambo matano: sehemu ya shingo iliyopigwa na upande wake, jumla ya kipimo kwa grei, idadi ya vipindi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kama ulipewa pia dawa za kemotherapi au ulipasuliwa shingo. Grei ni kizio cha mionzi iliyomezwa na mwili. Tiba ya kuponya saratani za kichwa na shingo kwa kawaida hufika kati ya grei 60 na 70, na ile ya limfoma huwa ya chini zaidi, aghalabu kati ya 20 na 36.

Je, faili likiwa limepotea? Usikate tamaa. Vipindi vingi vya tiba ya kuponya huwa vya grei 2 hivi, siku tano kwa wiki, kwa hiyo mtu anayekumbuka kwamba alisafiri kwenda mionzi kwa takriban wiki saba huenda alipata karibu grei 70. Hesabu hii haimhusu aliyepewa vipindi vichache vya kutuliza maumivu, kwa maana vipindi hivyo hubeba kipimo kikubwa zaidi kila kimoja. Kumbuka pia kama ulivalishwa barakoa ngumu ya plastiki iliyofika mabegani, na umwonyeshe daktari mahali ambapo ngozi ilibadilika rangi au ndevu ziliacha kuota. Ndevu zisizoota chini ya taya hueleza mpaka wa mionzi vizuri kuliko kumbukumbu za jamaa.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja, uliopigwa chapa au ulioandikwa kwa mkono, wenye mambo hayo matano au makadirio yake. Toa nakala tatu, na upige picha moja kwa simu.

Hatua ya 2: Pima uzito wa hatari yako

Mionzi huumiza utando mwembamba ulio ndani ya ateri, pamoja na vijishipa vidogo sana vinavyoulisha ukuta wenyewe wa ateri. Ukuta ulionyimwa lishe hugeuka kovu, hunenepa, na mafuta na chokaa hushikamana nao kwa urahisi zaidi na kufanya gamba. Mchakato huu ni wa miaka, si wa miezi. Ndiyo maana mtu anaweza kujisikia mzima kabisa katika mwaka wa tatu, akapatikana na mfinyo mkubwa katika mwaka wa kumi na mbili.

Hatari huongezeka kadiri miaka inavyopita na kadiri kipimo kilivyokuwa kikubwa. Wataalamu wa Marekani wanaofuatilia watu waliotibiwa saratani utotoni hupendekeza altrasaundi ya karotidi miaka kumi baada ya mionzi ya shingo iliyofika grei 40 au zaidi. Kwa waliotibiwa wakiwa watu wazima hakuna ratiba moja inayokubaliwa duniani kote. Maoni yangu ni kwamba mtu aliyepita miaka mitano, aliyepata zaidi ya grei 40, na ambaye ana presha, kisukari, kolesteroli ya juu au historia ya kuvuta sigara, ana sababu ya kutosha kumwomba daktari kipimo cha kwanza bila kusubiri mwaka wa kumi. Daktari akiona vinginevyo, muulize sababu na uiandike daftarini.

Mtu ambaye tayari amewahi kulegea upande mmoja kwa dakika chache, kisha akarudi sawa, hana haja ya kupima uzito wa hatari. Hiyo ni dharura.

Hatua ya 3: Pima mambo manne yanayoharakisha uharibifu

Mionzi iliyokwisha kupigwa haiwezi kuondolewa. Kinachoweza kubadilishwa ni vile vinavyoongezea jeraha juu yake, na vipimo vyake vingi hupatikana hata katika hospitali za kaunti ndogo.

Presha ipime nyumbani, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Keti dakika tano bila kuzungumza, miguu ikiwa imekanyaga sakafu na mkono ukiwa sawa na kimo cha moyo, na usiwe umekunywa chai au kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Tofauti ya zaidi ya 20 katika namba ya juu inaweza kumaanisha kwamba ateri inayokwenda mkononi, chini ya mtulinga, nayo imefinyika, kwa sababu mionzi ya shingo mara nyingi hufika hapo. Mwonyeshe daktari, na tangu siku hiyo tumia mkono wenye namba kubwa.

Katika siku mojawapo pima pia ukiwa umesimama, dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kuinuka. Ndani ya shingo, mahali karotidi inapogawanyika, pana vihisio vinavyourekebisha mkazo wa damu kila unapobadilisha mkao, na mionzi inaweza kuvidhoofisha. Presha ya mtu wa namna hii hupanda na kushuka kwa kasi, naye huona kizunguzungu akisimama. Akiongezewa dawa za presha kwa kutazama namba moja kubwa iliyopimwa kliniki siku moja, anaweza kuanguka. Daftari la siku saba ndilo linalomwokoa.

Vipimo vitatu vilivyobaki ni vya damu. Kolesteroli, hasa aina ya LDL, ile inayojenga gamba, na sukari (kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi michache, kikipatikana kipewe nafasi ya kwanza) hazihitaji maelezo marefu. Kinachosahaulika ni TSH, kipimo cha utendaji wa tezi ya thairoidi. Mionzi ya shingo mara nyingi huilemaza tezi hii polepole, na tezi iliyolegea huipandisha kolesteroli. Nimeona watu wakihangaika na vyakula vya mafuta ilhali dawa ya tezi ndiyo iliyokosekana. Miongozo ya saratani za kichwa na shingo hutaka TSH ipimwe kila miezi sita hadi kumi na miwili baada ya mionzi, hata kama mtu hana uchovu, hasikii baridi kupita kiasi na hajanenepa.

Hatua ya 4: Pata fomu sahihi na kipimo sahihi

Hapa ndipo wengi hupotelea, kwa hiyo soma polepole.

Kipimo unachokitafuta ni altrasaundi ya Dopla ya ateri za karotidi za pande zote mbili. Altrasaundi ya kawaida huonyesha umbo la vitu. Dopla huongeza kupima kasi ya damu inayopita, na kasi ndiyo inayoeleza kiasi cha mfinyo. Hakuna sindano wala mionzi mipya, na huhitaji kufunga kula.

Neno karotidi na neno Dopla lazima yaonekane katika fomu ya ombi. Fomu ikisema "altrasaundi ya shingo" tu, mpimaji atafanya anachofanya kwa wagonjwa wengi wa siku hiyo, yaani tezi na matezi ya limfu, na hatakuwa amekosea. Chini ya ombi, daktari aandike sababu kwa mstari mmoja: mionzi ya shingo, grei kadhaa, mwaka fulani. Mstari huo hubadilisha namna mpimaji anavyotazama. Kwa mtu ambaye hakupigwa mionzi, gamba hupenda kukaa pale karotidi inapogawanyika, karibu na pembe ya taya. Kwa aliyepigwa mionzi, gamba huweza kuwa refu na kukaa chini zaidi, katika shina la karotidi ambalo madaktari huliita karotidi ya pamoja, popote palipoguswa na mionzi. Mpimaji aliyekazia macho pembe ya taya peke yake anaweza kuupita mfinyo ulio karibu na mtulinga.

Kabla hujapanda matatu kutoka Busia au Migori, piga simu kituoni na uulize maswali matatu: je, mnafanya Dopla ya karotidi, je, ripoti yenu huandika kasi ya damu kwa sentimita kwa sekunde, na je, anayeifanya yupo siku hiyo? Jibu la "njoo tutaona" halitoshi kwa nauli ya mwisho wa mwezi. Hospitali kubwa za rufaa za Kisumu, Nakuru na Eldoret na vituo binafsi vya picha vilivyo katika miji hiyo ndipo pa kuanzia kuuliza. Bei hutofautiana sana, kwa hiyo iulize katika simu hiyohiyo.

Siku ya kipimo vaa shati lenye ukosi mpana, uvue mkufu, na wanaofunga kitambaa cha kichwa wakifunge kwa juu. Utalazwa chali, kichwa kikiinamishwa nyuma kidogo na kugeuzwa upande. Watu waliopigwa mionzi mara nyingi wana shingo iliyokakamaa, hivyo mwambie mpimaji mapema, aondoe mto pole pole na akupe muda. Ukiwa na shida ya kumeza mate, omba tishu mkononi na useme kabla hujapaliwa. Kisha mwombe aanze juu kidogo ya mtulinga na kupanda hadi chini ya taya, pande zote mbili, na atazame pia ateri mbili za nyuma zinazopita ndani ya mifupa ya shingo. Ombi hilo likitolewa kwa upole halimkwazi mtaalamu.

Onyo: usikubali mtu yeyote akukande shingo kwa nguvu, awe mpimaji, mtaalamu wa viungo au jamaa. Hili linamhusu pia kinyozi. Vinyozi wetu wengi humaliza kazi kwa kukanda kichwa na kuipindua shingo ghafla mpaka ilie. Kupindua shingo kwa namna hiyo kunaweza kuchana ukuta wa ateri hata kwa mtu mzima wa afya, sembuse aliye na ateri zilizokakamaa. Mlipe anachostahili, umwambie akuache shingo.

Hatua ya 5: Isome ripoti kabla hujaondoka kituoni

Usiondoke na bahasha iliyofungwa. Ifungue palepale na utafute mambo haya: pande zote mbili zimetajwa kila upande kwa jina lake, karotidi ya pamoja na matawi yake mawili, ya ndani (liendalo kwenye ubongo) na ya nje (liendalo usoni), zimetajwa, kasi ya juu ya damu imeandikwa kwa tarakimu, na kama kuna gamba, mahali lilipo na urefu wake vimeelezwa. Ripoti isemayo tu kwamba "mishipa iko sawa" irudishwe kaunta kwa heshima, uombe tarakimu ziongezwe kabla picha hazijafutwa mashineni.

Tarakimu hizo husomwaje? Makubaliano ya wataalamu wa altrasaundi wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 2003 bado hutumiwa mahali pengi. Katika karotidi ya ndani, kasi ya juu iliyo chini ya sentimita 125 kwa sekunde huashiria kwamba mfinyo, kama upo, haujafika asilimia 50. Kasi ya kati ya 125 na 230 huashiria mfinyo wa asilimia 50 hadi 69. Kasi inayopita 230 huashiria asilimia 70 au zaidi. Damu hukimbia zaidi mahali penye mfinyo kama maji katika mpira wa bustani uliobanwa kidole, ila kuna hila moja: mshipa uliokaribia kuziba kabisa huweza kuonyesha kasi ndogo, kwa sababu damu inayopita imebaki kidogo mno. Ndiyo maana tarakimu husomwa pamoja na picha, kamwe si peke yake.

Kuna jambo la pili linalowahusu waliopigwa mionzi. Mipaka hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya karotidi ya ndani. Mfinyo ukiwa katika karotidi ya pamoja, daktari hulinganisha kasi iliyo kwenye mfinyo na kasi iliyo kabla yake. Ikiongezeka maradufu, kwa kawaida hiyo ni dalili ya mfinyo wa nusu au zaidi. Vilevile, ripoti nyingi huandika uwiano wa kasi ya karotidi ya ndani na ya pamoja. Uwiano huo hupotosha pale ambapo karotidi ya pamoja yenyewe ni mgonjwa, maana unalinganisha kitu kibovu na kitu kibovu. Mkumbushe daktari hilo.

Ripoti inaweza pia kutaja unene wa tabaka la ndani la ukuta. Mahali palipovimba na kupita milimita 1.5 huhesabiwa kuwa gamba, hata kama damu bado inapita bila shida.

Hatua ya 6: Peleka ripoti kwa daktari anayeweza kuamua

Ripoti isiyofika kwa daktari ni karatasi tu. Ipeleke pamoja na ukurasa wa Hatua ya 1, daftari la presha na majibu ya damu, vyote katika bahasha moja, kwa daktari wa magonjwa ya ndani, wa moyo, wa mishipa ya damu au wa ubongo. Daktari wa saratani apewe nakala.

Ikiwa hakuna gamba, mtapanga mwaka wa kurudia na kuendelea kudhibiti presha na kolesteroli. Ikiwa kuna gamba lakini mfinyo haujafika nusu, aghalabu kipimo hurudiwa baada ya mwaka mmoja au miwili, na mazungumzo ya statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, na aspirini ya kipimo kidogo huanza. Mfinyo wa nusu hadi asilimia 69 hufuatiliwa kwa karibu zaidi, mara nyingi kila miezi sita hadi kumi na miwili. Aliye na gamba kwa kawaida hutakiwa aishushe LDL chini ya 1.8, akipimwa kwa milimoli kwa lita, kama maabara zetu nyingi zinavyoandika.

Usianze aspirini mwenyewe kwa kuwa jirani anaimeza. Mtu aliyepigwa mionzi ya koo anaweza kuwa na vidonda visivyopona mdomoni au tishu dhaifu zinazovuja damu, na aspirini huongeza damu kutoka. Damu ikitoka mdomoni au shingoni kwa wingi, hata ikikoma yenyewe, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani mara chache sana ateri yenyewe ndiyo iliyodhoofika.

Mfinyo wa asilimia 70 au zaidi, au mfinyo wa nusu kwa mtu aliyekwisha kupata dalili, hupelekea swali la upasuaji au stenti. Aliyepata dalili hunufaika zaidi akihudumiwa ndani ya wiki mbili, hivyo rufaa yake isingoje kliniki ya mwezi ujao. Katika shingo iliyopigwa mionzi makovu huifanya kazi ya kisu kuwa ngumu: neva za uso na sauti hujificha ndani ya kovu, na kidonda hupona polepole. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huegemea stenti, kibomba cha waya kinachopitishwa kutoka kinenani au mkononi, ingawa mshipa uliowekewa stenti baada ya mionzi huelekea kufinyika tena na lazima ufuatiliwe kwa Dopla. Muulize daktari mambo mawili ya wazi: ni nani atakayeifanya kazi hii, na amewahi kuifanya kwa watu waliopigwa mionzi? Swali hili si utovu wa adabu.

Hatua ya 7: Rekebisha yanayowezekana nyumbani

Sigara iachwe, na tumbaku ya kunusa au kutafuna pia. Dawa zimezwe kila siku, hata presha ikiwa imeshuka, kwa kuwa imeshuka kwa sababu ya dawa.

Chakula ndipo panapohitaji maelezo, kwa sababu ushauri wa kawaida hauwafai watu hawa. Mionzi hukausha mate, na mtu asiye na mate hawezi kula ugali mkavu. Huishi kwa mchuzi, supu na uji. Mchuzi mwingi wa siku hizi hutiwa viungo vya vipande vya kununua, ambavyo ni chumvi kwa sehemu kubwa. Matokeo yake, mgonjwa asiyegusa kidau cha chumvi mezani hula chumvi kuliko wengine nyumbani. Supu ichemshwe kwa kitunguu, nyanya, dania na tangawizi, na vipande hivyo vibaki dukani. Mrenda hushuka kooni kwa urahisi na unawafaa sana watu hawa, lakini tazama unavyopikwa: magadi yanayotiwa ili ulainike yana sodiamu kama chumvi, na mwenye presha ayapunguze hadi chembe au ayaache. Samaki wa kuchemsha, avokado iliyopondwa na maharagwe yaliyosagwa vinaweza kushika nafasi ya nyama choma bila kumkaba mtu.

Tembea kila siku kadiri unavyoweza, na ukiinuka kitandani keti kwanza dakika moja.

Hatua ya 8: Andaa mpango wa kiharusi kabla hakijaja

Mpango huu uandikwe kwenye karatasi, ubandikwe nyuma ya mlango, na kila mtu mzima wa boma aujue, kwa sababu anayepatwa hataweza kuueleza.

Dalili ni uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, na maneno kuvurugika au kukosa kutoka. Kuna nyingine ambayo watu huipuuza: jicho moja kuingia giza ghafla, kama pazia linaloshuka, kisha kurudi baada ya dakika chache. Hutokea upande uleule wa karotidi yenye gamba, ilhali mkono na mguu hulegea upande wa pili. Dalili ikipita yenyewe baada ya dakika kumi, mtu hajapona. Ameonywa, na siku zinazofuata ndizo za hatari zaidi.

Anayeona dalili aandike saa mgonjwa alipoonekana mara ya mwisho akiwa sawa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu wakati huo, na bila saa hiyo daktari hawezi kuamua. Mgonjwa alazwe ubavu, asipewe chakula, maji, wala dawa ya kushusha presha. Asipewe aspirini nyumbani pia, kwa kuwa hakuna anayejua kama ni kuziba au kupasuka kwa mshipa kabla ya picha ya kichwa. Ushauri unaozunguka katika WhatsApp wa kumtoboa vidole kwa sindano hausaidii chochote, na unapoteza muda.

Usafiri upangwe leo. Namba 999 na 112 zipigwe, lakini uwe pia na majina ya watu wawili wenye gari waliokubali kuamshwa usiku. Bodaboda haimfai mtu aliyelegea upande mmoja, kwani hawezi kujishikilia. Ulizia mapema, ukiwa mzima, ni hospitali gani iliyo karibu nawe yenye mashine ya CT, ile ya kupiga picha ya kichwa, inayofanya kazi usiku na mwisho wa wiki, uandike jina lake kwenye karatasi hiyo, na urudie kuuliza kila baada ya miezi michache, kwa maana mashine huharibika. Chini ya jina la hospitali bandika nakala ya ukurasa wa mionzi, ripoti ya mwisho ya Dopla na orodha ya dawa, ili atakayekuchukua azibandue zote kwa pamoja na kuzitia mfukoni kabla gari halijaondoka.